Lowanisha Vidole

Jua lilikuwa linazama mshonaji alipofunga mlango wa chumba chake cha kazi. Alikitupia begani kifuniko cha piano alichokimaliza mchana ule, kizito kama mtoto aliyelala, kisha akamshika binti yake kwa mkono uliobaki. Safari yenyewe haikuwa na mambo mengi. Kupeleka mzigo wa mteja, kuhakikisha unakaa vizuri, kurudi nyumbani kupika.

Binti yake alikuwa bado hajaanza darasa la kwanza. Mtaani walimwita Chiriku, na jina lilimkaa kweli. Aliongea akila, aliongea akioga, na asipoongea aliimba. Jioni ile alikuwa akiimba mlio wa cherehani ya mama yake, tirrr, tirrr, tak, mate yakimrukaruka midomoni.

Mteja alikuwa mwanamke mtu mzima aliyefundisha watoto wadogo piano, katika jengo la ghorofa nyuma ya kiwanda cha uchapaji. Watu wote walimwita Mwalimu tu. Alikuwa ametoa oda ya ajabu kidogo. Nje alitaka kitambaa kizito, sawa. Lakini ndani alitaka nailoni.

"Nailoni haipitishi hewa, mwalimu," mshonaji alimwambia siku ya kupima, sauti ikimtoka kwa taabu. "Mbao zitavunda."

"Hii haipendi kukauka," Mwalimu alijibu kwa upole.

Mshonaji hakuuliza zaidi. Ndivyo alivyokuwa tangu utoto. Swali lilimpanda mpaka kooni, likakaa hukohuko, yeye akabaki anatabasamu.

Walipanda ngazi. Mlango ulikuwa wazi kidogo, na mbele yake viatu vidogo vidogo vimepangwa ukutani. Kabla ya mwenye nyumba kutokea, harufu ikatokea.

Haikuwa harufu ya takataka wala ya panya. Ilikuwa harufu ya kinywa. Kinywa cha mtu aliyelala mchana na homa, akaamka hajasukutua, akakusogelea akutie neno sikioni.

"Karibuni," sauti ikasema ndani.

"Shikamoo bibi," Chiriku akawahi.

"Marahaba, mjukuu wangu. Ni wewe uliyekuwa unaimba kwenye ngazi?"

Chumba kilikuwa safi, sakafu inang'aa, madirisha yote yamefungwa. Benchi refu lilikuwa ukutani, na katikati ya chumba palikuwa na piano, nyeusi, mfuniko wake umeinuliwa. Vibao vyake vyeupe vya kubonyeza havikuwa vyeupe. Vilikuwa na rangi ya maziwa yaliyoganda, na vilimeta kama kitu kilichotoka kulambwa.

Mshonaji akatandika kifuniko juu ya piano. Mshono ulikaa sawasawa. Aliinamia ukingo kuhakikisha pindo, mgongo wa mkono wake ukagusa kibao kimoja.

Kilikuwa cha moto. Moto wa mwili.

Akajifuta kwenye sketi, upesi, asionekane.

"Mlete huyu aanze," Mwalimu akasema, akimwangalia Chiriku. "Ana sikio."

"Bado mdogo, mwalimu…"

"Ndio umri wenyewe. Mtoto mkubwa vidole vyake vinabishana na wewe. Mdogo unamwambia panda, anapanda. Na usifikirie malipo. Umenishonea, inatosha."

Chiriku alikuwa ameshapanda kwenye kiti, miguu inaning'inia. Mwalimu akamwinamia, akamnong'oneza.

"Lowanisha vidole."

Mtoto akamgeukia mama yake. Nyumbani alikuwa akichapwa kofi la mkono kila akitia kidole mdomoni.

"Tia tu," Mwalimu akasema. "Vyote. Vidole vikavu vinaikwaruza."

Chiriku akavitia vidole kinywani, akavitoa vinadondoka mate, akabonyeza.

Sauti haikuja palepale. Ilichelewa kidogo… kama mtu aliyekuwa na kitu mdomoni akameza kwanza, ndipo akajibu. Halafu ikaja, nene, tamu, ikazunguka chumba kizima. Chiriku akacheka kwa furaha. Alipoinua kidole, uzi wa mate ulinyooka kati yake na kibao, ukakatika. Ule uliobaki kwenye kibao haukutiririka.

Ulizama.

Mshonaji aliuona. Alitaka kusema asante, mwalimu, lakini huyu bado mdogo, baba yake hayupo, tutafikiria. Maneno yote yalikuwa tayari. Yalifika kooni, yakakaa.

"Sawa, mwalimu," akasema.

*

"Mate?" Msusi alicheka mpaka akaachia kichwa cha mteja aliyekuwa akimsuka. Alikuwa jirani yao wa ukuta kwa ukuta, na binti yake, Kibonge, alikuwa ameanza masomo hayohayo kwa Mwalimu kabla ya Chiriku. "Mama Chiriku, wewe hukutapikiwa begani? Hukukojolewa mgongoni?"

"Yale yalikuwa ya wangu," mshonaji akasema chini kwa chini. "Pale wanalowanisha wote. Akitoka mmoja anapanda mwingine, hapafutwi. Mtoto anabonyeza mate ya mwenzake, halafu anarudisha kidole mdomoni."

"Watoto ndivyo walivyo. Wanashea pipi, wanashea mafua."

Mama mkwe wa mshonaji alikuwa kibarazani akichambua mchele. Hakuinua macho. "Baba yake huyo Chiriku alikula mche mzima wa sabuni. Alitoa povu siku mbili. Leo si anaendesha lori?"

"Ndiyo maana anateleza kwenye kona," msusi akasema, na wote wakacheka, hata mshonaji. Hofu ikapungua. Aliona ni ushamba wake tu. Mtu hajawahi kuona piano, anaanza kuitafutia kasoro.

Basi akawa anampeleka. Kila jioni ya somo alikaa mwisho wa benchi lile, mikono mapajani, pamoja na watoto waliosubiri zamu. Walikaa kimya, wadogo kabisa, wengine hawajajua kufunga kamba za viatu. Na kila mtoto alikuwa na kibao chake. Huo ulikuwa utaratibu wa Mwalimu. Unaanzia kwenye kibao chako, unapiga ulichofundishwa, unamalizia kwenye kibao chako. Cha Chiriku kilikuwa katikati. Cha Kibonge kilikuwa jirani yake.

Walilamba, wakapiga. Walilamba, wakapiga. Wengine walikuwa na mafua, kamasi zimefika mdomoni, wakalamba na hizo. Mmoja alikuja na yai midomoni. Mshonaji alijifunza kupumua kwa mdomo asisikie harufu, kisha akaacha, maana aliihisi ulimini.

Siku moja nzi alitua kwenye kibao cha pembeni. Akajaribu kuruka. Miguu ilikuwa imenasa. Alihangaika, mabawa yakilia zzz, zzz… Mshonaji aligeuza shingo kumtazama Mwalimu, labda ameona. Alipotazama tena, nzi hakuwepo.

Na hakuwa ameruka.

Lakini Chiriku alikuwa anapiga. Hilo ndilo lililomfunga mama yake miguu. Muda si mrefu alipiga kwa mikono miwili. Vidole vile vilivyoshindwa kushika kijiko vizuri vilikimbia juu ya vibao kama vinajua njia, na wimbo ukatoka wa kumliza mtu. Mshonaji alilia kweli, kimyakimya, akajifuta na ncha ya kanga. Katika ukoo wao mzima, nani aliwahi kupiga chombo? Alifikiri, nikimtoa kwa sababu ya kinyaa changu, siku moja ataniuliza.

Kilichoanza ni kiu.

Chiriku alikunywa maji chakula kikiwa mdomoni, maana bila maji hakikumezeka. Akipewa biskuti, aliitafuna ikamtoka puani na midomoni kama vumbi. Pembe za midomo zilipasuka. Asubuhi mama alimkuta ulimi umegandamana na kaakaa la juu, akalazimika kuutoa kwa kidole chenye maji, taratibu, kama anayebandua stempu. Harufu iliyotoka humo aliijua.

Mhudumu wa zahanati alimmulika kwa tochi. "Anywe maji mengi. Mpake mafuta midomoni."

Alikuwa anakunywa jagi zima. Halafu mdomo unabaki mkavu kama kitambaa.

Na akaacha kuimba. Mshonaji alikaa na cherehani yake mchana kutwa, tirrr, tirrr, tak, hapana mtu wa kumwitikia. Jioni moja alimwita mtoto, akampakata.

"Mbona huimbi, mama?"

Chiriku akafungua kinywa. Ulimi ulisikika ukibanduka. Tsk.

"Yameisha," akanong'ona.

"Nini yameisha?"

"Mate."

*

Kibonge naye alikuwa anatembea na chupa ya maji kila anapokwenda. Msusi hakuona tatizo. "Joto hili," alisema. "Na mimi mwenyewe nakunywa kama ngamia."

Mshonaji alifikiri, na mawazo yake yakaenda pale ambapo mawazo ya mama yeyote msafi yangekwenda. Uchafu. Vijidudu. Watoto wote wale, vinywa vyote vile, na hakuna anayefuta. Angeweza kumwambia Mwalimu. Mtu mwingine angemwambia, tena mbele za watu. Yeye alilaza ubavu akiyapanga maneno, na kila alipoyafikia aliona uso ule mpole ukimgeukia, joto likampanda masikioni.

Basi akaona afute mwenyewe. Afute kimya, asimwaibishe mtu.

Jioni ya somo aliwahi. Alikuwa na kitambaa kwenye kikapu, amekiloweka kwa sabuni ya maji na siki, amekifunga kwenye mfuko wa plastiki. Alimwambia Mwalimu kwamba pindo la kifuniko limeachia na angependa kulirudishia. Mwalimu akamshukuru, akaenda jikoni. Watoto walikuwa wameanza kufika, wanavua viatu ukumbini. Chiriku alikuwa pamoja nao.

Mshonaji akabaki na piano.

Akafunua mfuniko. Harufu ikamjaa. Akakunja kitambaa, akaanza katikati.

Alipofuta mara ya kwanza, uchafu ulitoka kwa wingi kuliko alivyofikiri. Ulikuwa ute wa kijivu, mzito, kama ule mtu anaoukwangua ulimini asubuhi. Ulijikunja kwenye kitambaa. Ndani yake mlikuwa na unywele, na punje ya kitu kama yai, na bawa dogo linalong'aa. Akakaza meno asitapike. Akakandamiza zaidi, akasugua kama anavyosugua sufuria iliyoungua.

Kibao kikawa laini.

Alisimamisha mkono. Chini ya kitambaa, kile kilichopaswa kuwa mbao kilikuwa na vijipele. Vidogo vidogo, vimesongamana.

Halafu kikajikunja… kikarudi nyuma, kikikwepa siki.

Ukumbini mtoto akalia.

Hakikuwa kilio cha mtoto aliyeanguka. Kilikuwa kile cha mtoto aliyemwagiwa kitu cha moto. Kikafuata kingine. Mshonaji alikimbia na kitambaa mkononi. Chiriku alikuwa amejikunja juu ya viatu, viganja vyote viwili mdomoni, na Kibonge kando yake akigaragara. Wengine walisimama wakiwatazama. Ni wale wawili tu.

Vibao viwili alivyovifuta.

Alimfungua Chiriku midomo kwa nguvu. Ulimi ulikuwa umechubuka katikati, mwekundu, nyama tupu, na kinywani, katika kinywa cha mtoto ambaye hakuwa amegusa chochote, mlinuka siki.

"Rudisheni viatu vyenu miguuni," Mwalimu alisema nyuma yake. Sauti haikupanda hata kidogo. "Leo hakuna somo. Kibonge, kasukutue kwa maji ya baridi, kisha uende nyumbani. Mama Chiriku, wewe ingia ndani na mwanao."

*

Walikaa kwenye benchi. Mwalimu alifunga mlango, akaketi kwenye kiti cha piano akiipa mgongo, kama anayemkinga mtu asiyejiweza.

"Uliifuta kwa kitu gani?"

"Siki," mshonaji akanong'ona. "Na sabuni."

"Ingekuwa dawa ya choo wangekufa."

Mshonaji alimkumbatia Chiriku. Maneno yalikuwa kooni kama kawaida, yamejipanga, yanaogopa. Akamtazama mtoto, jinsi alivyoachia mdomo wazi kwa maumivu, na ndani hamna hata tone la mate la kumpooza. Kwa mara ya kwanza maishani mwake akayasukuma.

"Wewe ni mchawi."

"Mimi nilikuwa mwanafunzi," Mwalimu akasema. Akafungua kinywa chake, akakielekeza kwenye taa.

Ulimi wake ulikuwa wa kahawia, mkavu, umepinda ncha kama soli ya kiatu kilichoachwa juani. Mshonaji aliziba pua kwa mazoea, bure. Hakukuwa na harufu yoyote.

"Niliikuta hivi," Mwalimu akaendelea, na sasa mshonaji akagundua kwa nini siku zote aliongea taratibu vile. "Aliyenifundisha aliikuta hivi. Sijui ilitoka wapi. Ninachojua ni kwamba isipopata, inaanza kuita yenyewe, na ikiita yenyewe haichagui umri. Wadogo wana mengi. Inachukua kidogo kidogo kwa kila mmoja. Wengi wakikua wanaacha, wanabaki na kiu tu. Watu wangapi unawajua wana kiu?"

"Simleti tena."

"Usimlete. Lakini ulimi wake uko hapa."

Hapo kikasikika kitu ndani ya piano. Mlio mdogo, wa majimaji. Tsk… tsk… Kama mtu anayeonja kitu akisubiri chakula.

"Mtu mzima anaweza kukipokea," Mwalimu akasema mwisho, bila kumtazama. "Kibao cha mtoto wake. Mimi mama yangu hakuweza. Alijaribu, akashindwa, akatoka nje kutapika, hakurudi tena humu ndani. Simlaumu."

"Nikipokee vipi?"

Mwalimu alinyanyuka tu kwenye kiti, akasogea pembeni, akamwachia nafasi.

Mshonaji akaelewa.

"Chiriku," akasema, "geukia ukutani, mama. Usigeuke mpaka nikuite."

Alipiga magoti mbele ya piano, uso ukawa sawa na vibao. Kwa karibu aliona kila kitu. Vile vijipele. Ufa mdogo katikati, kama ule wa ulimi. Mate yaliyozama yakiwa yamerudi juu, yanapanda, yanajikusanya, kana kwamba kile kitu kilimwona anakuja na kimeanza kudondokwa na uchu.

Akafumba macho. Akatoa ulimi.

Akalamba.

Ladha ya kwanza ilikuwa siki yake mwenyewe. Ya pili ilikuwa maziwa yaliyoharibika. Halafu yakaja yote kwa pamoja, kamasi zenye chumvi, yai, damu ya ufizi wa jino lililong'oka, uji wa asubuhi ya mtoto asiyemjua, dawa ya kikohozi, kucha. Tumbo likapanda mpaka nyuma ya meno. Alijua kabisa kwamba akitapika itakuwa kama yule mama mwingine, kwa hiyo akameza. Akameza matapishi yake na kile alichokuwa akilamba, pamoja, akarudia. Kibao kilikuwa cha moto. Kilikuwa laini. Chini kabisa, chini ya vinywa vyote vile, akaipata ladha aliyoijua, tamu, nyepesi, ya kichanga wake alipokuwa akimbusu mdomoni zamani. Akaifuata hiyo. Akailamba mpaka mwisho.

Na pale mwishoni kibao kikainuka, kikamlamba na yeye.

*

Chiriku aliamka asubuhi amelowesha mto. Mate yalikuwa yamemtiririka mpaka sikioni. Alikaa kitandani, akatema sakafuni kwa makusudi, akatazama, akatema tena.

"Bibi, ona," akasema. "Yamerudi."

"Na adabu irudi vilevile," mama mkwe akamjibu. "Chukua tambara ufute."

Mchana alianza kuimba na cherehani. Mshonaji alifunga mlango wa chumba cha kazi, akalia, kisha akaendelea kushona. Chakula hakikuwa na ladha. Chumvi haikuwa na ladha. Alisema moyoni kwamba hiyo ni bei ndogo sana, na alimaanisha hivyo.

Siku ya somo lililofuata alikwenda kwa msusi. Alijikaza. Alimwambia amtoe Kibonge, asimrudishe kule, na akamwambia pia kinachotakiwa kufanywa, akitazama chini, sauti ikizidi kupungua kadiri alivyozidi kueleza.

Msusi hakucheka safari hii.

"Mwanao ameshindwa, sasa unataka na wangu aache," akasema. "Nilidhani wewe ni mtu mpole, mama Chiriku. Kumbe ndani una choyo hivyo. Nikalambe piano, mimi? Kisa mtoto kaunguza ulimi kwa chai?" Akachukua kitana chake. "Kibonge, vaa viatu. Utachelewa."

Mshonaji alirudi kwenye mashine. Jioni iliingia. Alikuwa anapindia sare ya shule, sindano mbili amezishika kwa midomo, aliposikia kitu juu ya ulimi wake.

Akatoa sindano, akidhani ni uzi.

Haukuwa uzi. Kilikuwa kinambonyeza. Kidogo, cha mviringo, kimelowa, kinambonyeza katikati ya ulimi, kinaachia, kinambonyeza tena. Kidole cha mtoto. Akatia vidole vyake mwenyewe kinywani kukitafuta, hakukuta kitu. Kikaondoka. Kikaja kingine, chenye utelezi wa kamasi. Kikaja kingine, chenye makombo chini ya kucha. Walipokezana, zamu kwa zamu, na kila mmoja alimwachia mate yake, naye akayameza kwa kuwa hapakuwa na pa kuyapeleka.

Kuanzia hapo ikawa hivyo kila jioni ya somo. Alijaribu kusukutua kwa chumvi. Alijaribu kufunga kinywa kwa kanga. Alijaribu kulala mapema, vikamwamsha.

Halafu jioni moja, kwa kichefuchefu tu, bila kufikiri, akauma.

Akasikia kitu kinapasuka katikati ya meno, laini, halafu kigumu. Damu ikamjaa kinywani, ya moto. Haikuwa yake. Hiyo tu ndiyo aliyoweza kuonja.

Asubuhi yake Kibonge alipita mlangoni na kidole kimefungwa bendeji nene, msusi anamvuta mkono. Mtoto alimtazama mshonaji usoni, akashusha macho mpaka kwenye midomo yake. Akauficha mkono nyuma ya mama yake.

"Mfuniko wa piano ulimwangukia," msusi akasema bila kusimama. "Watoto hawasikii."

Mshonaji alijifunika midomo kwa ncha ya kanga.

Siku hizi, jioni za somo zikifika, huiacha kazi mapema. Hukaa kibarazani karibu na mama mkwe, kanga mapajani, kinywa wazi.

"Funga mdomo, mwanangu," mama mkwe humwambia. "Wapita njia watadhani tumekufundisha kushangaa."

Yeye hufunga macho tu. Juzi kilianza kidole kipya. Ni kidogo kuliko vyote alivyowahi kuvihisi, kinatetemeka, hakijui kubonyeza, kinapapasa huku na huku juu ya ulimi wake kikitafuta mahali pake. Ni cha mtoto wa nani, hajui. Anakishikilia kinywa wazi kwa nguvu zote, taya linamuuma, mate ya watoto wa watu yanamtiririka kidevuni na kudondokea kanga, naye hayafuti, anaogopa kwamba akitikisika kidogo tu, meno yatakutana.